Sanamu Zenye Kauli

Magharibi ya mto Naili, mkabala wa mji wa Luxor, zimeketi sanamu mbili za Firauni Amenhotep wa Tatu, zenye kimo kipatacho mita 18 kila moja, na katika hizo ile ya kaskazini ilipata umaarufu usio kifani baada ya tetemeko la mwaka 27 kabla ya Masihi kuibomoa sehemu yake ya juu. Kwani tangu hapo, jua lilipochomoza, jiwe lile lilitoa mlio ambao wasafiri waliufananisha na uzi wa kinubi ukatikao. Wayunani walinena kuwa huyo ni shujaa Memnon akimwamkia mama yake, Alfajiri; maulamaa wa zama zetu huona kuwa ni umande uliojipenyeza usiku katika nyufa, kisha ukapata joto la asubuhi. Kaisari Hadrian alifika kuusikiliza mlio huo mwaka 130, na wageni wengi wakachora majina na mashairi katika miguu ya sanamu. Hatimaye, yasemekana kwa amri ya Kaisari Septimius Severus, sehemu iliyoanguka ikajengwa upya kwa taadhima, na sanamu ikanyamaza hata leo.

Katika kisa hicho naiona siri ya fani nzima ya sanamu zenye sauti: fundi huandaa kiwiliwili, na kauli hutoka kwa kitu asichokitawala. Watu wa pwani hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili, waliokwisha kusikia kamba za jahazi zikivuma wakati wa kusi.

Hata hadithi za kubuni za kisayansi, ambazo hudhaniwa kuwa mbali na maumbile, zilirejea kwenye siri hiyo hiyo. Filamu ya Kimarekani Forbidden Planet, iliyotoka mwaka 1956 na kusimulia safari ya sayari ya mbali, haikutumia ala yoyote ya kawaida ya muziki. Louis na Bebe Barron, mtu na mkewe wa New York, wakifuata fikra za kitabu cha Norbert Wiener cha mwaka 1948 kuhusu sibanetiki, yaani elimu ya udhibiti na mawasiliano katika viumbe na mashine, waliunda mitambo midogo ya umeme, wakaizidishia nguvu mpaka ikalia, ikatetemeka na kuungua, nao wakinasa kila kilio katika utepe. Na mtambo uliokufa haukufufuka kurudia wimbo wake. Kwa kuchelea mzozo na chama cha wanamuziki, kazi yao haikuitwa muziki katika filamu, bali milio ya kielektroniki. Jina hilo lilionekana kuwapunja, walakini kwa maoni yangu lina ukweli kuliko jina la muziki.

Tukirudi kwenye sanamu zenyewe, mchongaji Harry Bertoia, mzaliwa wa Italia wa mwaka 1915, aliyehamia Marekani angali kijana, alijulikana kwanza kwa viti vyake vya waya. Yahadithiwa kuwa siku moja waya aliokuwa akiukunja ulikatika, ukaugonga mwenziwe, ukalia. Kuanzia takriban mwaka 1960 alisimamisha fimbo nyembamba za metali, aghalabu za shaba iliyochanganywa na berili, zikiwa zimesongamana mfano wa matete ya kinamasi, ambazo zikiguswa kwa mkono au kupitiwa na upepo huyumba, hugongana, na kutoa uvumi wa kengele unaodumu hata msikilizaji asijue umekoma lini. Akazikusanya katika ghala la shamba huko Pennsylvania, akarekodi humo usiku, na sauti hiyo akaiita Sonambient. Alifariki mwaka 1978, mwaka ule ule sahani 10 za santuri zilipoifuata ile ya kwanza ya mwaka 1970.

Baada yake amekuja Mwingereza Jem Finer, ambaye katika msitu wa King's Wood, Kent, alifukia chini ya ardhi vyombo vinavyolizwa na matone ya maji, na pembe kubwa ya chuma ikapandisha mlio wake juu. Utungo wake mwingine, Longplayer, ulioanza kusikika London tarehe 31 Desemba 1999 kwa sauti za mabakuli ya Kitibeti, umepangwa uendelee bila kujirudia mpaka mwisho wa mwaka 2999.