Rubisi Haikupanda Meli

Wasomaji wetu wa pande za Bukoba na Muleba wameijua rubisi tangu utotoni, wanywao na wasiokunywa. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini pombe hii, iliyokuwa nyingi hivi kwetu, haikupata kuonekana katika miji ya mbali. Kahawa yetu ilivuka ziwa ikafika Ulaya. Senene wetu hukaangwa, wakatiwa makoponi, wakapelekwa Dar es Salaam, na ndugu zetu walioko huko huwapokea kwa shangwe. Rubisi peke yake ilibaki nyumbani, na mtu aliyeitamani ilimpasa arudi kwao. Twataka kueleza habari hiyo, kwa kuwa sasa mambo yamegeuka, na mtu aweza kurudi kwao asiikute.

Twajua kwamba wako kati yetu walioiacha pombe kabisa, hasa tangu mwamko wa waliookoka ulipoenea Bukoba katika miaka ya 1940. Hatuwashawishi kuirudia. Lakini hata yeye asiyeonja hawezi kusimulia habari za Buhaya akairuka rubisi, kama vile hawezi kuiruka migomba.

Rubisi haitoki katika kila ndizi. Ndizi za kupika ni mbali, na ndizi za pombe, yaani embiile, ni mbali; hizo zina ukakasi, na mtoto akiila mbichi hukunja uso. Mikungu iliyokomaa hukatwa, ikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kutiwa joto la moto, au ikawekwa juu ya dari ya jikoni penye moshi. Baada ya siku kadhaa ndizi huwa zimeiva na kulainika. Ndipo hutiwa katika mtumbwi. Msomaji wa nchi nyingine asishangae: ni gogo la mti mkubwa lililochongwa likawa na tumbo, umbo lake ni lile lile la chombo cha ziwani. Wanaume huosha miguu wakaingia ndani, wakazikanyaga ndizi pamoja na majani makavu, maana majani hushika nyama ya ndizi na kuyaachia maji yake yatoke. Kazi hii ni ya wanaume tangu zamani, nayo ni kazi kweli kweli; asiyewahi kukanyaga asidhani ni mchezo.

Maji ya kwanza ni matamu mno. Hayo hupewa watoto na wageni wasiotaka kulewa, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora ya shughuli yote, ingawa wazee hawatakubali. Yanayobaki huongezwa maji, kisha hunyunyizwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama ndio unaoipa rubisi rangi na uchungu wake, na ndio unaosaidia kuiamsha. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, ukalala hivyo usiku na mchana. Kesho yake pombe huchemka yenyewe pasipo moto, povu likapanda, ikachujwa na kutiwa vibuyuni.

Jambo hili la kutopikwa ndilo linalofungua fumbo letu. Wachaga wa Kilimanjaro nao wana pombe ya ndizi, mbege, lakini wao huzichemsha ndizi zao kwanza, kisha hutia kimea cha ulezi na maganda ya mti wa msesewe. Rubisi haikuona chungu wala jiko. Chachu iliyomo ndani yake iko hai tangu mtumbwini hata kinywani. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ni kali, na yapata siku ya tatu au ya nne imekwisha kuwa siki. Tena ukiiziba kibuyuni kwa nguvu, hupasua chombo. Kwa hiyo wazee hawakukaza kizibo. Waliziba kwa jani la mgomba lililokunjwa, pumzi ipate kutoka.

Basi fikiri safari ya zamani. Meli za Usoga na Rusinga zilitoka Bukoba zikalala ziwani hata Mwanza. Kutoka Mwanza, reli iliyofika huko mwaka 1928 ilimchukua msafiri mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka pwani, naye akalala tena garini. Mtu aliyebeba kahawa ya kutafuna alifika nayo salama. Aliyebeba rubisi angefika na siki, kama kibuyu hakikupasuka njiani na kuwalowesha wenziwe. Ndiyo sababu makarani, askari na walimu wa kwetu waliopelekwa mbali waliikosa. Waliokwenda Kampala walipata faraja kidogo, kwa kuwa Waganda wana tonto, ambayo ni ndugu wa rubisi wa tumbo moja. Waliokwenda Moshi walipewa mbege wakasema asante. Waliokwenda pwani walikuta tembo la mnazi, wakanyamaza.

Na pombe yenyewe ni ya kale. Speke na Grant walipofika Karagwe kwa mfalme Rumanika, mwezi wa Novemba mwaka 1861, pombe ya ndizi ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika nchi hizi, na Speke ameitaja katika kitabu chake cha mwaka 1863. Katika falme za Kiziba, Kianja, Ihangiro na nyinginezo, mtu hakukamua kwa ajili yake na tumbo lake. Lilikuwako fungu la mukama na wakubwa wake, na fungu la wazee wa ukoo. Kabla ya Injili kuingia, lilikuwako na la wafu, lililomwagwa au kuwekwa mahali pao. Kijana aliyekwenda kuposa alibeba vibuyu. Wakwe wakipokea, maneno yalianza. Wakikataa, kijana alikwisha kupata jibu lake. Majirani walijua siku ya kukamua kwa harufu tu, nao walikuja pasipo kuitwa. Twasema hivi bila kusahau nyumba zilizoharibika kwa ulevi, maana zilikuwako, na sisi walimu twawajua watoto wao.

Hebu sasa tutazame bia za chupa, maana zamani nazo zilikuwa na kwao. Kiwanda cha Kenya kilianzishwa mwaka 1922, kikatoa Tusker. Cha Dar es Salaam kikafuata mwaka 1933. Cha Port Bell, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu, mwaka 1946. Mtu aliweza kujua mwenziwe alikotoka kwa kutazama karatasi ya chupa. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Tena ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, iliyopita katika nchi yetu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitu vya dukani viliadimika, sabuni, sukari, na bia pia. Lakini rubisi haikungoja lori wala kibali. Yeyote mwenye migomba, mtama na mtumbwi aliweza kuwakaribisha wageni wa arusi, na pengine miaka hiyo ya dhiki ndiyo ya mwisho ambayo rubisi ilitawala peke yake.

Siku hizi viwanda vimeongezeka, na mwenye duka wa Muleba au wa Kamachumu huuza chupa zile zile zinazouzwa Dar es Salaam. Bia zimepoteza kwao. Rubisi haikupoteza kwao, inapoteza migomba.

Adui wa kwanza alikuwa fukusi wa migomba pamoja na minyoo ya mizizi, walioidhoofisha mashamba ya Kagera katika miaka ya 1970 na 1980, hata ikalazimu kuleta migomba mipya yenye asili ya Honduras mwishoni mwa miaka ya 1990. Migomba hiyo huzaa mikungu mikubwa ajabu, twaishukuru. Lakini mwulize mzee kama pombe yake ni rubisi, naye atatazama pembeni. Adui wa pili ni mnyauko. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa kwetu, wilayani Muleba. Majani hulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Nyuki na wadudu wengine huuchukua kutoka ua hata ua, na baadhi ya migomba ya pombe ndiyo iliyoshikwa upesi zaidi kwa jinsi maua yake yalivyo. Mabwana shamba walifundisha kuondoa ua la kiume kwa mti wenye panda, si kwa kisu, maana kisu hupeleka ugonjwa shina kwa shina. Na shina lililougua ling'olewe lifukiwe. Wengi waling'oa. Waliporudishia, walipanda ndizi za kupika kwanza, na ni nani awezaye kuwalaumu? Mtoto hali rubisi.

Wa tatu si ugonjwa, ni fedha. Rubisi iliyochachuka ikivukizwa kwa moto na bomba hutoa enkonyagi, ambayo nchi nyingine huiita gongo. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza pasipo leseni, lakini biashara yake haikufa. Enkonyagi haiozi wala haipasui chupa. Yaweza kuvuka ziwa na kungoja mnunuzi mwezi mzima. Hivyo ndizi chache zilizosalia huishia motoni, na ile pombe iliyowakutanisha watu ishirini kwa jioni moja hugeuka kuwa chupa ya mtu mmoja.

Wako wauliziao kwa nini rubisi isitiwe chupani. Huko Arusha wako watengenezao kileo cha ndizi kiwandani tangu mwaka 1993, nacho huuzwa mbali. Yawezekana, lakini ni lazima chachu iuawe kwanza kwa joto, na rubisi ambayo chachu yake imeuawa ni kinywaji kingine chenye jina la kuazima.

Hata hivyo posa hazijaacha kuitaka. Mwenye arusi asiye na embiile shambani huuliza kijiji hata kijiji ni nani aliyebaki nazo, na ni nani ambaye mtumbwi wake haujageuzwa kuwa wa kunyweshea ng'ombe. Akimpata, hutuma vijana kwa baiskeli au pikipiki wakiwa na madumu ya plastiki ya manjano. Nao, ijapokuwa hawajapata kubeba kibuyu maishani mwao, hawakazi kifuniko. Huziba mdomo wa dumu kwa jani la mgomba lililokunjwa, wakaenda polepole penye mashimo.