Mengo, Januari 1892: Wakristo kwa Wakristo

Machi 1590, huko Ivry nchini Ufaransa, wapanda farasi wa Mfalme Henri IV, Mprotestanti, waliwasambaratisha wapanda farasi wa Kikatoliki. Miaka 300 baadaye uhasama huohuo ulipiganiwa Afrika Mashariki, kwenye vilima vya Buganda, kwa miguu na kwa bunduki.

Mengo ndiko ilikokuwa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Karibu yake kuna Rubaga, kilima cha Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa waliofika mwaka 1879, na Namirembe, kilima cha Waprotestanti, ambao wamisionari wao Waingereza walitangulia kufika mwaka 1877. Kilima cha Kampala alikikalia Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza mnamo Desemba 1890. Julai ya mwaka huo mkataba wa Uingereza na Ujerumani ulikuwa umewapa Waingereza nafasi Buganda. Wenyeji hawakuulizwa.

Kinachouma ni kwamba Wakristo hawa wa pande mbili walikuwa ndugu wa mateso. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miaka mitatu baadaye wakashikana kumrudisha Mwanga huyohuyo kwenye kiti chake. Ushindi ulipopatikana, ukaja mgawo wa vyeo, na Buganda kila cheo kilikuwa na ardhi yake. Hapo udugu ukafa.

Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa katika mzozo wa bunduki. Mwanga akamwachilia Mkatoliki aliyemuua, kwa hoja kwamba alijitetea. Lugard akataka mtu huyo auawe, Kabaka akakataa. Lugard akafungua ghala na kuwagawia Waprotestanti mamia ya bunduki.

Jumapili ya tarehe 24 risasi zikarindima. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Sembera Mackay, Mprotestanti ambaye mwaka 1881 aliandika barua ya kuomba ubatizo kwa kalamu ya jani la nyasi lililochongwa. Wakatoliki walisonga mbele mpaka bunduki ya Maxim ilipowafyatulia kutoka kilima cha Kampala. Rubaga ikateketezwa, kanisa na yote. Mwanga na Askofu Hirth wa Mapadri Weupe wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe; tarehe 30 askari wa Lugard wakawafuata, na watu wengi wakafa maji wakigombea mitumbwi.

Kwa maoni yangu, dini ilikuwa bendera tu. Kilichogombewa ni ardhi na vyeo, na aliyeamua mshindi ni mwenye Maxim. Wakatoliki wakasukumwa Buddu, Apolo Kagwa, Mprotestanti, akabaki Katikiro (waziri mkuu), na mwaka 1894 Uingereza ikaitangaza Buganda kuwa chini ya himaya yake. Mwaka 1898 serikali ya Uingereza iliwalipa Mapadri Weupe fidia ya pauni 10,000.