Kurunzi, bunduki na koyote: Uwindaji wa usiku unaozua utata Marekani

GIZA linapotanda katika nyanda za malisho za Marekani, wafugaji na wawindaji huingia nyikani wakiwa na bunduki na kurunzi zenye mwangaza mkali. Wanayemsaka ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa ambaye kwa zaidi ya karne moja amepigwa risasi, akategwa na kulishwa sumu, lakini badala ya kutoweka, amezidi kuenea.

Uwindaji huo umehalalishwa katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Hata hivyo, katika North Carolina suala hilo liliishia mahakamani baada ya kubainika kuwa mwangaza wa kurunzi haukutosha kumwezesha mwindaji kutofautisha koyote na mnyama mwingine anayekaribia kuangamia.

Koyote ni nani?

Koyote hufanana na mbweha wa Afrika kwa umbo na tabia, ingawa yeye ni mkubwa kidogo. Uzani wake huwa kati ya kilo 7 na 20 hivi. Ana masikio yaliyochongoka, pua nyembamba, manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na hudhurungi, na mkia mzito ambao huuteremsha anapokimbia.

Jina lake limetokana na neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, na lilipitia Kihispania kabla ya kuingia katika Kiingereza. Mtaalamu wa viumbe Thomas Say ndiye aliyempa jina la kisayansi, Canis latrans, mnamo 1823. Maana yake ni mbwa abwekaye, kwa kuwa sauti za koyote husikika mbali sana nyakati za usiku.

Mnyama huyu hachagui chakula. Hula panya, sungura, wadudu, matunda, mizoga na takataka za mijini. Vilevile hukamata wana-kondoo na mbuzi, na hiyo ndiyo asili ya uhasama wake na wafugaji.

Zamani makao yake yalikuwa nyanda za kati na magharibi mwa Amerika Kaskazini. Wazungu walipowaangamiza mbwa-mwitu wakubwa na kufyeka misitu, koyote alipata nafasi. Leo hii anapatikana kuanzia Alaska hadi Panama, na katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii. Hata katika jiji la Chicago, koyote huishi na kuzaa karibu na barabara zenye magari mengi.

Kwa nini usiku?

Koyote hutembea mchana na usiku. Hata hivyo, pale anapowindwa sana na binadamu, hujifunza kujificha mchana na kutafuta chakula gizani. Kwa sababu hiyo, anayetaka kumpata hulazimika kumfuata saa zizo hizo.

Kinachomfichua ni macho yake. Nyuma ya retina ya jicho la koyote kuna utando unaong'aa, ambao hurudisha mwangaza upite kwenye retina mara ya pili. Utando huo humsaidia kuona penye mwanga hafifu. Lakini kurunzi inapoelekezwa kwake, mwangaza hurudi kwa mwenye kurunzi na macho huonekana kama makaa mawili yanayowaka gizani.

Fisi, paka, ng'ombe na swara pia wana utando huo, ndiposa macho yao humeremeta yanapomulikwa na taa za magari. Binadamu hana.

Aidha, wanyama wa jamii ya mbwa hawaoni rangi zote ambazo binadamu huona. Macho yao hutambua vyema samawati na manjano, lakini nyekundu huiona kwa shida. Ndiyo maana wawindaji wengi hufunika kurunzi zao kwa kioo chekundu, ili mnyama asishtuke mapema.

Jinsi uwindaji unavyofanywa

Kwa kawaida wawindaji huenda wawili au watatu. Mmoja hushika kurunzi na mwingine bunduki. Kabla ya yote huchunguza upepo unakotoka, kwa sababu pua ya koyote ni kali kuliko macho yake, na aghalabu huzunguka ili aje kutoka upande ambao upepo unamletea harufu.

Wakishatulia, hupiga kipenga cha mdomoni au chombo cha kielektroniki kinachoiga mlio wa sungura aliyejeruhiwa. Koyote anayesikia mlio huo hudhani kuna windo rahisi na kusogea.

Mshika kurunzi huzungusha mwangaza polepole, akiuinua juu kidogo ili mnyama apatwe na ukingo wa mwangaza tu, wala si kiini chake. Macho yakionekana, hapaswi kuuondoa mwangaza ghafla. Mnyama akishakaribia, kiini cha mwangaza hushushwa juu yake ili mwenzake alenge shabaha.

Silaha hutegemea mahali. Kwenye vichaka ambako mnyama hutokea karibu, bunduki ya marisau hutosha. Kwenye nyanda zilizo wazi hutumiwa bunduki ya risasi moja moja, na hapo ndipo hatari hujitokeza, kwani risasi iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili.

Kanuni kuu inayofundishwa wawindaji ni kwamba mtu asifyatulie macho risasi. Jozi ya macho gizani inaweza kuwa ya ndama, mbwa wa jirani au kulungu. Rangi ya mng'ao nayo haitoshi kuwa ithibati, kwa kuwa hubadilika kulingana na pembe ya mwangaza. Mwindaji anatakiwa auone mwili mzima, na ajue kilichoko nyuma ya mnyama huyo.

Katika miaka ya hivi karibuni, kurunzi zimeanza kupata mshindani. Darubini zinazotambua joto la mwili humwonyesha mnyama gizani pasipo mwangaza wowote. Hata hivyo, bei yake ni ghali, na kile zinachoonyesha ni umbo la joto tu, si rangi wala manyoya.

Sheria zinavyotofautiana

Marekani haina sheria moja inayosimamia uwindaji wa koyote. Kila jimbo lina kanuni zake.

Kwa mfano, Texas haina msimu maalumu wa kumwinda mnyama huyu. Anaweza kuwindwa usiku kwa taa katika ardhi ya kibinafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Hata huko, ni marufuku kuwinda kutoka kwenye barabara ya umma.

Kumulika na kumpiga risasi kulungu usiku, kwa upande mwingine, ni kosa katika majimbo mengi. Mnyama huyo hupumbazwa na mwangaza na kusimama tuli, jambo linalowapa wawindaji haramu nafasi ya kumuua bila jasho. Maafisa wa wanyamapori hivyo basi hulazimika kuchunguza iwapo mtu anayezunguka usiku na kurunzi anamsaka koyote kweli, au anatumia koyote kama kisingizio.

Kesi ya North Carolina

Mgogoro mkubwa zaidi kuhusu uwindaji huu ulizuka mashariki mwa North Carolina. Huko anaishi mbwa-mwitu mwekundu, ambaye hapaswi kuchanganywa na mbwa-mwitu wa mbuga za Afrika Mashariki. Huyu ni jamaa wa karibu wa koyote, mkubwa kumliko lakini anayefanana naye mno, hasa akiwa mchanga.

Mbwa-mwitu mwekundu alitangazwa kuwa ametoweka porini mnamo 1980. Waliosalia walikuwa wachache waliokamatwa Texas na Louisiana na kuzalishwa katika vizimba. Mnamo 1987, baadhi ya vizazi vyao viliachiliwa huru katika hifadhi ya Alligator River, North Carolina. Idadi yao porini iliongezeka hadi ikapita 100.

Mnamo 2012, tume ya wanyamapori ya jimbo hilo iliidhinisha uwindaji wa koyote usiku kwa kutumia taa, hata katika kaunti tano wanamoishi mbwa-mwitu hao. Watetezi wa mazingira walienda mahakamani wakidai kuwa hata mchana ni vigumu kuwatofautisha wanyama hao wawili, sembuse usiku.

Mnamo Mei 2014, jaji wa mahakama ya serikali kuu alisimamisha uwindaji wa koyote katika kaunti hizo tano. Mnamo Novemba mwaka uo huo, pande zote ziliafikiana kwamba uwindaji wa usiku upigwe marufuku katika kaunti hizo, na wa mchana uhitaji kibali maalumu.

Uamuzi huo haukuyatatua masaibu yote ya mbwa-mwitu mwekundu. Kufikia 2020, waliojulikana na kuvishwa ukosi wa redio walikuwa chini ya 10. Tangu hapo wengine wameachiliwa kutoka vizimbani, wakiwa na ukosi wa rangi ya chungwa unaoakisi mwangaza, ili mwenye bunduki aweze kuwatambua. Bado idadi yao porini ni ndogo mno, na risasi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao.

Kuuawa kwa mbwa-mwitu mmoja kuna athari nyingine. Wanyama hawa huishi kwa jozi. Mmoja akiuawa, aliyebaki anaweza kujamiiana na koyote, na kizazi halisi cha mbwa-mwitu mwekundu hupotea taratibu.

Je, uwindaji unasaidia wafugaji?

Malalamishi ya wafugaji yana msingi. Takwimu za idara ya kilimo ya Marekani za mwaka wa 2014 zilionyesha kuwa koyote ndiye aliyesababisha zaidi ya nusu ya vifo vya kondoo waliouawa na wanyama wawindaji. Kwa mfugaji mdogo, kupoteza wana-kondoo kadhaa kwa usiku mmoja ni pigo kubwa.

Serikali imekuwa ikiwaunga mkono kwa muda mrefu. Sheria iliyotiwa sahihi mnamo Machi 1931 iliipa idara ya kilimo mamlaka ya kuwaangamiza wanyama waharibifu. Sumu ilitumiwa kwa wingi hadi Februari 1972, Rais Richard Nixon alipopiga marufuku matumizi yake dhidi ya wanyama wawindaji katika ardhi ya serikali kuu. Agizo hilo lilibatilishwa mnamo 1982. Mwaka wa 2021 pekee, maafisa wa serikali waliua zaidi ya koyote 60,000, mbali na wale waliouawa na raia.

Pamoja na hayo yote, koyote hapungui. Watafiti wanaeleza kuwa idadi ya koyote inapopungua mahali, majike waliosalia hupata chakula cha kutosha na kuzaa watoto wengi zaidi. Majike wachanga ambao hawangezaa huanza kuzaa, na koyote kutoka maeneo jirani huja kujaza pengo. Makadirio yaliyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mnamo 1975 yalionyesha kuwa ingebidi asilimia 75 ya koyote wote wauawe kila mwaka, kwa muda wa takriban miaka 50, ndipo watoweke.

Maana yake si kwamba risasi haina kazi. Kumwondoa koyote fulani aliyezoea kula kondoo, hasa kabla ya msimu wa kuzaa, kunaweza kuokoa mifugo wa boma fulani. Kinachotiliwa shaka ni kuua ovyo kwa matumaini ya kuwamaliza.

Shaka hiyo pia imechochea upinzani dhidi ya mashindano ambapo wawindaji hutuzwa kwa kuua koyote wengi zaidi. California ilipiga marufuku tuzo hizo mnamo 2014. Vermont ilifuata mnamo 2018, kisha New Mexico mnamo 2019.

Mwangaza wa kufukuza

Baadhi ya wafugaji wamegeukia njia nyingine. Hutumia mbwa wakubwa wa kulinda kondoo, punda, ua wa nyaya za umeme, na kuwalaza mifugo zizini usiku. Kaunti ya Marin, California, iliachana na huduma ya serikali ya kuua koyote mnamo 2000 na badala yake ikaanza kuwasaidia wafugaji kugharimia mbwa na nyua.

Kwa msomaji wa Kenya, mbinu hizo si ngeni. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mnamo 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inaweka utaratibu wa fidia kwa mifugo wanaouawa na baadhi ya wanyama. Mfugaji hana ruhusa ya kutoka usiku na bunduki kumsaka mbweha au simba. Hutegemea boma imara, mbwa, na kukesha.

Kurunzi nayo imepata kazi tofauti hapa. Richard Turere, mvulana kutoka jamii ya Wamaasai aliyeishi pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, aligundua kuwa simba huogopa mwangaza unaosonga. Alichukua balbu za tochi mbovu, betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha taa za ishara za pikipiki, akaziunganisha kuzunguka boma la babake ili ziwakewake zamu kwa zamu usiku kucha. Simba walidhani kuna mtu anayetembea na tochi, wakakaa mbali.

Turere alieleza ubunifu wake katika kongamano la TED huko California mnamo 2013, akiwa bado mwanafunzi. Taa za aina hiyo zimewekwa katika maboma mengine mengi tangu wakati huo, na taa za kuwakawaka hutumiwa pia na wafugaji wa Marekani dhidi ya koyote. Wataalamu hushauri zibadilishwe mahali mara kwa mara, kwani koyote, kama walivyojua wawindaji tangu jadi, hujifunza haraka.