Dawa ya Kutuliza Kabla ya Nusukaputi: Ilianza Vipi?

 

Mtoto akipelekwa thieta, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kakamega au kwingine, huenda akapewa kwanza dawa ya kumtuliza, ndipo apewe nusukaputi. Je, kwa nini dawa mbili?

Zamani mgonjwa alishikwa kwa nguvu akapasuliwa macho wazi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha kabla ya kupasuliwa, na watu wakastaajabu. Mwaka uliofuata, James Simpson wa Scotland alianza kutumia klorofomu.

Lakini furaha haikudumu. Januari 1848, huko Uingereza, Hannah Greener, msichana wa miaka 15 aliyejaa hofu, alifariki baada ya kuvutishwa klorofomu. Alikuwa anatolewa ukucha wa mguu tu.

Katika miaka ya 1860, Mfaransa Claude Bernard aliona kuwa mnyama aliyepewa mofini alihitaji klorofomu kidogo zaidi. Jambo hilo linafuatwa hadi leo: dawa ya kutuliza huondoa hofu na hupunguza kiasi cha nusukaputi kinachohitajika. Hata daktari wa mifugo humtuliza paka kabla ya kumhasi, kisha hupunguza kipimo cha nusukaputi. Asipopunguza, pumzi ya paka yaweza kushuka mno hata akafa.

Kwa mtoto wako, hatari ni hiyo hiyo. Kwa hivyo, mama, zingatia haya:

1. Mweleze daktari kila dawa uliyompa mtoto nyumbani, hata ya mafua au ya miti shamba. Nyingine huleta usingizi.

2. Hakikisha mtoto amepimwa uzito. Dawa hizi hutolewa kulingana na kilo.

3. Fuata muda wa kufunga unaoambiwa. Kwa kawaida ni saa 6 bila chakula wala uji, saa 4 bila kunyonya, na saa 2 bila maji. Akilia njaa, usimpe uji kisirisiri. Akitapika akiwa amelala, chakula chaweza kuingia mapafuni.

Kumbuka, usalama wa mtoto thieta huanzia kwako.