Karen: Mtaa Uliotoka Katika Shamba la Kahawa

Leo nataka kuwapa habari za mtaa mmoja wa Nairobi, upande wa kusini-magharibi, uitwao Karen. Huko nyumba hazisongamani. Kila moja imekaa peke yake katikati ya bustani, imezungukwa na miti mirefu na ua wa michongoma, hata mpita njia huenda asione ila lango na paa. Watu husema, "Huko ndiko wakaako matajiri," nao hawakosei. Lakini mtaa hauoti wenyewe kama uyoga. Una asili yake, na asili ya mtaa huu ni kahawa iliyoshindwa.

Mwaka 1914 alifika bibi mmoja kutoka Denmark, jina lake Karen Blixen. Yeye na mumewe walikuwa na shamba chini ya vilima vya Ngong, mali ya kampuni ya jamaa zake. Baadaye shamba hilo lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kama 600 katika hizo zilipandwa kahawa. Lakini mahali pale ni juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000. Kuna baridi, na mvua haikutosha. Deni likazidi mwaka hata mwaka. Mwaka 1931 kampuni ililiuza shamba kwa Remy Martin, mfanya biashara ya ardhi, naye akalikata vipande vya ekari 20 ili watu wajenge nyumba. Hivyo ndivyo mtaa ulivyozaliwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hulisahau. Shamba lile halikuwa tupu. Jamaa nyingi za Wakikuyu walikaa humo, wakilima vishamba vyao na kuchunga ng'ombe zao. Kwa sheria ya mwaka 1918, mtu wa namna hiyo alipaswa kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Wazee wengine walizaliwa papo hapo, wala hawakumkumbuka baba zao kukaa pengine. Shamba lilipouzwa, waliamriwa waondoke.

Je, waliomba nini? Hawakuomba fedha. Waliomba wahamishwe pamoja, wakae pamoja huko waendako. Maana mtu akitupwa peke yake ugenini, nani atakayeshuhudia kwamba ng'ombe wale ni wake, au kwamba mahari ya binti yake imekwisha kulipwa? Wahenga walisema kweli, afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Bibi Blixen aliwaombea katika ofisi za Serikali, mlango kwa mlango, mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Kisha yeye naye akarudi kwao.

Tazameni tofauti hii. Waliotoka walitaka kuwa karibu na wenzao. Walioingia walinunua nafasi ya kuwa mbali na wenzao. Na kwa miaka mingi Mwafrika hakuingia mle kuwa mwenye nyumba, bali kuwa mpishi, mtunza bustani au mlinzi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kizuizi cha rangi kiliondoka, kikabaki kizuizi cha fedha. Nyumba ya Bibi Blixen ilitolewa na Denmark kwa Serikali ya Kenya mwaka 1964, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Vile vipande vikubwa navyo vimekuwa vikigawanywa tena na tena, na majirani wanasogeleana.

Wanafunzi, mkipita mahali pazuri msiulize tu, "Ni nani akaaye hapa?" Ulizeni pia, "Ni nani aliyelima hapa zamani, naye alikwenda wapi?" Swali hilo la pili ndilo mlango wa historia.