Bima ya mkopo (Mbeya na Iringa)

Bima ya mkopo hulipa deni la mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu kabla ya kumaliza marejesho. Mbeya na Iringa, wengi huipata kupitia benki au vyama vya akiba na mikopo (SACCOS). Msimamizi wa bima nchini ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Kinga kwa kawaida huanza siku fedha zinapotolewa, si siku fomu inapojazwa. Ada mara nyingi hukatwa kwenye mkopo wenyewe, ndiyo maana mkopaji hupokea pungufu ya kiasi alichosaini. Mkopo mkubwa huweza kusubiri vipimo vya afya.

Tuseme mkulima wa mpunga wa Mbarali amekopa shilingi 3,000,000, akarejesha 1,200,000 za deni hilo, kisha akafariki. Bima inayofuata salio hulipa 1,800,000 zilizobaki, na anayelipwa ni mkopeshaji, si mjane wake. Hata hivyo mjane ndiye anayepaswa kuwahi kwa mkopeshaji na cheti cha kifo, na ni uonevu kumwachia deni kwa sababu tu hakuambiwa kwamba bima ipo.

Kinga hukoma deni likiisha, muda wa mkataba ukipita hata kama salio lipo, au mkopaji akifikisha umri wa ukomo. Kwa ulemavu, mguu uliovunjika ukapona hautoshi. Hutakiwa uthibitisho wa daktari kwamba ulemavu ni wa kudumu. Anayekopa juu ya mkopo aangalie zaidi: kinga ya zamani hufungwa pamoja na mkataba wa zamani, na kipindi cha kungoja kabla bima haijaanza kulipa huweza kuanza upya.