Sauti Ibaki Nyumbani

Juu ya kilima kinachoutazama mji wa Iringa kuna jiwe kubwa liitwalo Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari mambo na kushauriana na watu wake. Siku hizi wageni hulipanda jioni ili kulitazama jua likitua. Mimi kinachonivuta zaidi ni jina lake. Nikiwa mtoto niliwahi kuuliza jiwe lilisema nini, nikajibiwa kwamba waliolisikia walikwisha kufa. Jibu hilo lilinitosha wakati ule. Sasa halinitoshi, na insha hii inahusu sababu zake.

Kwa muda mrefu sauti za kusini mwa nchi yetu zilikuwa na safari ya upande mmoja, yaani kuondoka. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, mashine ya aina ile iliyobuniwa na Thomas Edison mwaka 1877. Watu waliimba mbele ya pembe yake, na sindano ikachora sauti juu ya silinda ya nta. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, na kila ilipopigwa nta ilizidi kulika. Silinda hizo zikafungashwa zikaenda Ujerumani. Walioimba wakabaki na mashamba yao.

Zamu ya Iringa ilifika mwaka 1950. Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake Afrika Kusini, alipita Tanganyika na gari lililobeba mitambo ya kurekodi. Alinasa nyimbo za Wahehe na mlio wa ligombo, chombo chetu cha nyuzi kilichochongwa kwa mti mithili ya hori. Inajulikana kwamba Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji kisha kwa chombo. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya muziki wa Afrika karibu na Johannesburg, na mwaka 1978 maktaba hiyo ikahamia katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Simlaumu Tracey. Bila yeye baadhi ya sauti hizo zisingekuwapo popote. Lakini, ndugu msomaji, hebu pima umbali kutoka Kalenga hadi Makhanda, kisha uniambie ni mjukuu gani wa mpiga ligombo angeweza kwenda huko kumsikiliza babu yake.

Baadaye ikaja safari ya pili, ya sauti kuja kwetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Lilikuwa jambo kubwa na la heshima. Hata hivyo, redio ile ilisema na sisi tukasikiliza. Bibi yangu mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuwa akiijibu kwa sauti kubwa akiwa jikoni, na hakuna aliyemsikia isipokuwa sisi na kuku.

Chombo cha kwanza kilichotupa nafasi ya kuinasa sauti ya nyumbani, na ikabaki nyumbani, kilikuwa redio kaseti. Kaseti ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 1963, na katika ujana wangu ilikuwa imefika kila mtaa. Ulibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kurekodi na cha kupigia, ukanyamaza. Kaseti ya dakika 60 ilikupa nusu saa kila upande. Utepe ukilegea uliukaza kwa kalamu ya Bic. Na kama hukutaka mtu aifute, ulivunja kijisahani cha plastiki kilichokuwa mgongoni mwa kaseti, na kitufe cha kurekodi kikagoma.

Katika familia yetu palikuwa na kaseti moja ya namna hiyo. Mwaka 1986 baba alimrekodi babu akisimulia aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu siku ambayo Wajerumani waliiangusha ngome ya Kalenga, tarehe 30 Oktoba 1894. Babu alikuwa kiungo cha mwisho, kwa maana baada yake hakuna aliyeyasikia maneno yale kutoka kwa mtu aliyekuwapo. Baba akavunja kile kijisahani kwa mkono wake, kisha akaipeleka kaseti kwenye duka moja la kunakili kaseti ili kila mtoto wake apate nakala. Kijana wa duka aliliziba tundu kwa karatasi ya gundi, kama walivyofanya kila siku kwa kaseti zilizotumika, akarekodi muziki wa dansi juu yake pande zote mbili. Babu alikwisha kufariki. Tulibaki na dansi safi kabisa, isiyo na mkwaruzo.

Nimeyasema haya ili ieleweke kwa nini, mtu mwenye umri wangu, nimejifunza kazi ambayo vijana huiita podikasti. Neno lenyewe liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na Ben Hammersley katika gazeti la Uingereza la The Guardian. Maana yake si ngumu. Ni kipindi cha sauti kilichowekwa kwenye intaneti pamoja na orodha fupi ya maandishi. Programu iliyo katika simu ya msikilizaji huipitia orodha hiyo, na ikikuta kipindi kipya hukishusha, naye akakisikiliza wakati anaopenda, shambani au ndani ya basi. Hapahitajiki mnara wala studio. Mtu wa chumbani Mbeya anaweza kuwa na kipindi.

Vifaa vyangu havizidi kimo cha mfuko wa sokoni. Nina simu ya kawaida, maikrofoni ndogo ya waya inayobanwa kwenye kola, vipokea sauti vya kuvaa masikioni, na kompyuta ya mtumba iliyowekwa Audacity, programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Niligundua upesi kwamba fedha haisaidii sana panapokosekana utulivu, na utulivu katika miji yetu hutafutwa kwa akili. Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na hakuna maikrofoni inayoshindana na mvua juu ya bati. Malori ya Zambia hayalali. Kwa hiyo mimi hurekodi wakati wa kiangazi, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na fundi wa vyuma wa jirani akiwa bado anakunywa chai.

Neema yetu ni baridi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila nyumba ina mablanketi mazito ya mwezi wa sita na wa saba. Kuta tupu huirudisha sauti, ndipo msemaji huonekana kama yumo ndani ya pipa. Blanketi moja likining'inizwa nyuma yake, jingine likatandikwa mezani, na kabati la nguo likaachwa wazi, mwangwi hufa. Maikrofoni niliyonayo hukaa shubiri moja chini ya kidevu. Simu naiweka katika hali ya ndege ili isiite katikati ya neno. Kisha namwomba msemaji aniambie amekula nini, nami nikiangalia kipimo: vilele vya sauti vicheze karibu desibeli 12 chini ya ukomo. Vikiugonga ukomo sauti hupasuka, na sauti iliyopasuka haishonwi.

Kiangazi kimoja bibi alikuja kukaa nami kutoka Rungwe. Alipoiona ile maikrofoni kwenye kola ya gauni lake alicheka.

"Mume wangu," aliniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "huyu mdudu anakula nini?"

"Anakula maneno, bibi."

"Basi leo atavimbiwa."

Tulirekodi asubuhi tatu. Alieleza jinsi alivyoolewa, ng'ombe waliotolewa, migomba iliyozunguka nyumba ya mumewe, na wanaume walioondoka kwenda migodini na kurudi na viatu. Kila alipofika kwa baba mkwe wake alisita. Kwa mila ya Wanyakyusa mke halitamki jina la baba mkwe, na hata maneno yanayofanana na jina hilo huyakwepa kwa kutumia mengine. Mzee yule alikwisha kufariki miaka mingi, na bibi mwenyewe amepita miaka 80. Hata hivyo alisita, akameza mate, akaizunguka njia nyingine: "yule mwenye nyumba ya chini." Safari nyingine ukimya ulichukua sekunde sita au saba.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya kuhariri. Audacity ina amri ya kukata ukimya wote kwa mara moja, na wanaofundisha kazi hii huisifu kwa sababu msikilizaji wa leo, wanasema, hana subira. Ningeibonyeza, bibi angetoka akiongea upesi kama mtangazaji wa mpira, na heshima yake yote kwa baba mkwe ingekuwa imefagiliwa pamoja na kikohozi. Nimekata kikohozi, nimekata mlango uliogongwa. Ukimya wa bibi nimeuacha kama ulivyo. Anayetaka kujua Wanyakyusa walimheshimuje mkwe ataipata habari hiyo hapo, mahali ambapo hapana neno hata moja.

Baada ya kuhariri huja kazi isiyo na raha, nayo ndiyo iliyokosekana kwenye kaseti ya babu. Faili la asili, la sauti isiyobanwa, hula megabaiti 318 hivi kwa saa moja ya sauti ya njia moja. Hilo siligusi kamwe. Nafanya kazi kwenye nakala, na nakala ya kusikiliza naibana hadi megabaiti 29 kwa saa, ili jamaa wa Kyela na Tunduma waishushe bila kumaliza vifurushi vyao. Kila faili hupewa jina kwa mwaka, mwezi na siku, kisha jina la msemaji na mahali. Mwanzoni kabisa mwa sauti msemaji mwenyewe hujitaja na kusema amekubali nini. Nakala za asili ni tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski iliyomo kabatini, na moja Iringa kwa dada yangu, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapa. Moto hauwezi kuziunguza nyumba mbili zilizo mbali hivyo kwa siku moja, na hakuna duka litakalokabidhiwa faili la asili.

Swali gumu zaidi ni la nani asikilize. Mwaka 2018 serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni, na ada zake zilizidi shilingi milioni mbili. Tangu hapo kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Anayetaka kutangazia umma ni vema aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi huwatumia jamaa tu, kwa simu. Lakini hata kama pasingekuwapo sheria, ingebaki ile ya zamani kuliko zote: maneno ni ya aliyeyasema. Weule na Tracey walikuwa watu wa kazi, wala sijui mtu mwenye kinasa sauti anayeweza kujiona mwema kuliko wao kwa sababu tu amezaliwa hapa. Mjukuu naye anaweza kuondoka na sauti ya bibi yake na kuipeleka asikotaka.

Asubuhi ya tatu, tulipomaliza, bibi aliniambia nizime. Nilipozima akasema sehemu mbili za kwanza wape wote, hata wale wa Dar es Salaam wasiokuja kunisalimia. Ya tatu, alisema, ina habari ya ndugu wawili walio hai na shamba lao. Isisikilizwe mpaka wote watatu, yeye na wao, wawe wamezikwa.

Wajomba wananidai sehemu hiyo kila tunapokutana msibani. Mmoja alidai kwamba amezuiliwa urithi wake. Nimewajibu wamwulize mwenye sauti, maana yu hai na simu anayo. Faili hilo ni la dakika 41. Nimelinakili mara tatu kama mengine, nimeliandika tarehe, na mbele ya jina lake nimeongeza neno moja: lisitolewe.